Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali: "Nafundisha hisabati kidato cha pili. Tukiwa kwenye vipeo, mwanafunzi wangu mmoja aligundua kwamba 2+1 ni 3, 4+1 ni 5, 16+1 ni 17, 256+1 ni 257 na 65,536+1 ni 65,537, na zote hizo ni namba tasa. Akauliza kama inayofuata, yaani 4,294,967,297, nayo ni tasa. Usiku nikakaa na kikokotoo cha simu, nikaigawanya kwa namba tasa zote hadi 300. Hakuna hata moja iliyoingia bila baki. Niwaambie darasa kuwa ni tasa? Na mbali na hilo, namba kubwa kama hii ina sifa gani ninazoweza kuwafundisha?"

Mwalimu, pole kwa usiku huo, ila usiwaambie hivyo. Namba hiyo si tasa. Ni 641 × 6,700,417. Chini ya 300 kuna namba tasa 62, nawe ulizimaliza zote. 641 ni namba tasa ya 116. Ungeendelea na nyingine 54 ungeifikia. Sikulaumu kwa kuacha, maana kwa njia uliyotumia hukuwa na dalili yoyote kwamba umekaribia. Kuwa na uhakika kwamba namba hii ni tasa kungekutaka ujaribu kila namba tasa iliyo chini ya kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65,536 na chembe kidogo. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542. Usiku mmoja hautoshi.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika jibu refu ni huyo mwanafunzi wako. Tafadhali mpe hongera zangu. Alichokiona darasani ndicho alichokiona Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hisabati aliifanya kwa mapenzi tu. Katika barua za mwaka 1640 Fermat aliandika kwamba anaamini namba zote za mfuatano huu ni tasa, huku akikiri kwamba uthibitisho hana. Zinaitwa namba za Fermat hadi leo. Kila moja inapatikana kwa kuchukua 2 katika kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha unaongeza 1. (Naandika 2^32 nikimaanisha 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 32; 4,294,967,297 ni 2^32 + 1.) Tano za kwanza ni tasa kweli. Karibu miaka 90 ikapita. Desemba 1729 Christian Goldbach akamwandikia Leonhard Euler, kijana aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, Urusi, akimuuliza kama ameiona kauli hiyo ya Fermat. Mwaka 1732 Euler, akiwa na umri wa miaka 25, akaleta jibu: ya sita inagawanyika kwa 641.

Swali ambalo darasa lako litauliza ni hili: aliipataje 641 bila mashine? Hapo ndipo penye utamu, na ningependa upatengee kipindi kizima.

Anza na 17, maana inaenea ubaoni. Andika 2, zidisha kwa 2 kila mara, na kila jibu likizidi 17 andika baki lake tu. Utapata 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1, halafu unarudi 2 na mzunguko unaanza upya. Ni mzunguko wa hatua 8. Waonyeshe hatua ya 4: pana 16, yaani 17 kasoro 1. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya kusema 17 inaigawanya 2^4 + 1. Nalo "kasoro 1" ukilizidisha kwa lenyewe linakuwa 1, kama hasi moja mara hasi moja, ndiyo maana hatua ya 8 ni 1.

Sasa tuseme kuna namba tasa fulani, tuiite p, inayoigawanya 4,294,967,297 bila baki. Fanya mchezo uleule kwa p. Hatua ya 32 lazima iwe p kasoro 1, na hatua ya 64 lazima iwe 1. Je, mzunguko unaweza kuwa mfupi kuliko hatua 64? Hauwezi. Urefu wa mzunguko lazima uigawanye 64, kwa hiyo ungekuwa 1, 2, 4, 8, 16 au 32, na zote hizo zinaigawanya 32 pia. Basi hatua ya 32 nayo ingekuwa 1, na sisi tunajua ni p kasoro 1. Mzunguko una hatua 64 kamili.

Upande wa pili kuna kanuni nyingine ya Fermat huyohuyo, ya mwaka uleule wa 1640: kwa namba tasa p yoyote iliyo witiri, hatua ya p−1 daima ni 1. Ikiwa mzunguko una hatua 64 na hatua ya p−1 inaangukia kwenye 1, basi 64 inaigawanya p−1. Kwa maneno mengine, p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1. Hakuna kigawo tasa cha namba hii kinachoweza kuwa na sura nyingine.

Ona jinsi kazi ilivyopungua. Namba za sura hiyo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Mara tano tu za kugawanya, na ya tano inaingia. Namba ulizozijaribu wewe, Mwalimu, 3, 7, 11, 13 na nyinginezo karibu zote, hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Kati ya zile 62, mbili tu, yaani 193 na 257, ndizo zilizostahili kujaribiwa.

Na bado kuna punguzo jingine. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba hata 64 ni ndogo: kigawo tasa lazima kiwe kigawe cha 128 ukiongeza 1. Hapo orodha inakuwa 129, 257, 385, 513, 641, na tasa ndani yake ni 257 na 641 peke yake. Nayo 257 tunaweza kuiondoa bila kugawanya, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwa majirani wa namba hii. Kwa hiyo kigawo cha kwanza kabisa kinachostahili kujaribiwa ni 641. Linanigusa kila nikilifikiria: Fermat alikuwa na kanuni iliyotosha kuivunja dhana yake mwenyewe, tena aliiandika mwaka uleule.

Wanafunzi wenye haraka wanaweza kuthibitisha kwamba 641 inaingia bila kugusa kikokotoo. 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 × 2^7. Vilevile 641 ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Shika hizo mbili. Tukigawanya kwa 641, 5 × 2^7 ni sawa na hasi 1. Ipandishe kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 inabakiza 1. Lakini 5^4 ni 625, ambayo ni 641 kasoro 16, kwa hiyo inafanya kazi ya hasi 2^4. Iweke mahali pake: hasi 2^4 × 2^28, yaani hasi 2^32, inabakiza 1. Basi 2^32 ukiongeza 1 hakuna kinachobaki. Mistari minne ubaoni, na namba yenye tarakimu kumi imevunjika.

Je, 6,700,417 nayo inavunjika? Ni tasa, na darasa lako linaweza kujihakikishia lenyewe. Kigawo chochote tasa cha hiyo ni kigawo cha namba ya mwanzo pia, kwa hiyo sheria ya 128 inakibana vilevile. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589. Namba tasa zilizo vigawe vya 128 ukiongeza 1, chini ya hapo, ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622 kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri, kazi imekwisha. Wagawe wanafunzi makundi matano, kila kundi ligawanye mara moja.

Ukishajua vigawo tasa, sifa nyingi za vitabuni zinajiandika zenyewe, sitakawia hapo. Vigawo vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Ukijumlisha vile vitatu vidogo unapata 6,701,059, kiasi kidogo mno ukilinganisha na namba yenyewe, kwa hiyo ni mbali sana na namba kamilifu kama 6 au 28, ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinarudisha namba yenyewe. Namba kuanzia 1 hadi hapo zisizo na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240. Jumla ya tarakimu zake ni 59, ndiyo maana 3 ilikukatalia mapema. Na tarakimu ya mwisho kuwa 7, kama kwenye 17, 257 na 65,537, si bahati: 16 inaishia na 6, na 6 mara 6 inaishia na 6 daima, ongeza 1.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni ya miraba. Namba yetu ni 65,536² + 1², hilo linaonekana wazi kutokana na jinsi ilivyoundwa. Ila kuna njia ya pili: 62,264² + 20,449². Hesabu mwenyewe: 3,876,805,696 ukiongeza 418,161,601. Namba tasa haiwezi kamwe kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti. Ikiweza, ni kwa njia moja tu. Euler aliijua sheria hii na akaitumia kwenye namba kama hii. Kwa hiyo mtu anayekuletea jozi hiyo ya pili amekuthibitishia kwamba namba si tasa, hata kama hajakutajia kigawo.

Na vigawo vimejificha humohumo. Chukua zile shufwa, 65,536 na 62,264: tofauti yake ni 3,272 na jumla yake ni 127,800. Chukua zile witiri, 20,449 na 1: tofauti ni 20,448 na jumla ni 20,450. Sasa tafuta KKS, kile kigawo kikubwa cha shirika tunachokifundisha tangu shule ya msingi. KKS ya tofauti mbili, 3,272 na 20,448, ni 8. KKS ya jumla mbili, 127,800 na 20,450, ni 50. Zikate nusu: 4 na 25. Zipandishe mraba, ujumlishe: 16 + 625 = 641. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii kwa kalamu niliirudia mara tatu, sikuamini kwamba KKS ya darasani inaweza kufukua kitu kama hicho. Mwanafunzi anayeuliza KKS ina faida gani mpe hii.

Ukitaka kujua njia ya pili imetoka wapi, rudi kwenye vigawo. 641 ni 25² + 4², na 6,700,417 ni 2,556² + 409². Zidisha 25 × 2,556 upate 63,900. Zidisha 4 × 409 upate 1,636. Ukijumlisha unapata 65,536, ukitoa unapata 62,264. Halafu 25 × 409 ni 10,225, na 4 × 2,556 ni 10,224. Ukitoa unapata 1, ukijumlisha unapata 20,449. Vigawo viwili, kila kimoja na miraba yake miwili, vimeungana kwa namna mbili na kuzaa njia zote mbili. Nyingine hakuna.

Kuna jambo moja la kukuonya, hasa kama wanafunzi wako wanajifunza kuandika programu. Kompyuta hupenda kupima utasa kwa ile kanuni ya Fermat: chukua 2, ipandishe kipeo cha namba kasoro 1, gawanya kwa namba, uone kama baki ni 1. Baki lisipokuwa 1, namba si tasa. Likiwa 1, wengi hukimbilia kusema ni tasa. Namba yetu inawadanganya. Mzunguko wake ni hatua 64, na namba kasoro 1 ni 2^32, ambayo ni kigawe cha 64, kwa hiyo baki ni 1 safi kabisa. Namba za Fermat zote, tasa na zisizo tasa, zinafaulu mtihani huo wa 2. Kipimo kinachozifaa ni kile cha Théophile Pépin cha mwaka 1877, ambacho leo hufanywa kwa 3. Ukipandisha 3 kwa kipeo cha 2^31, yaani nusu ya 2^32, kisha ukagawanya kwa namba yetu, baki linatoka 10,324,303. Lingekuwa namba yenyewe kasoro 1 kama namba ingekuwa tasa. Kipimo hiki hakikuonyeshi kigawo hata kimoja, ila kinakata shauri.

Majirani sasa. Namba iliyo chini yake kwa 1 ni 4,294,967,296, ambayo mtu wa kompyuta anaijua kama jina la jirani yake: ndiyo idadi ya thamani zinazoingia kwenye biti 32, na ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani wa IPv4. Iliyo chini kwa 2, yaani 4,294,967,295, ndiyo kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32. Ivunje hiyo: ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Ndizo zilezile tano alizoziorodhesha mwanafunzi wako, zote, kila moja mara moja. Kwa hiyo ukigawanya 4,294,967,297 kwa yoyote kati ya hizo unabaki na 2, na ndiyo sababu 257 niliiondoa pale juu bila kuigawanya. Hii ni tabia ya mfuatano mzima: kila namba ya Fermat ni zao la zote zilizoitangulia ukiongeza 2, na hakuna mbili zinazochangia kigawo zaidi ya 1.

Zile tano ziliingia kwenye jiometri kwa mlango ambao Fermat hakuutarajia. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Sheria iliyotokana na kazi yake, ambayo upande wake wa pili ulithibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837, inasema hivi kwa pande zilizo witiri: umbo linachoreka ikiwa, na ikiwa tu, idadi ya pande ni namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Basi umbo la pande 4,294,967,295 linachoreka, angalau kwa haki ya hisabati, na hadi sasa hatujui jingine la pande witiri lililo kubwa kuliko hilo. Umbo la pande 4,294,967,297 halichoreki, kwa sababu 641 si namba ya Fermat. Pande mbili tu zimezidi. Na 65,537, ile ya mwisho kati ya zile tano, inafanya kazi kila siku kwenye simu yako: ndiyo namba ya wazi inayotumika mara nyingi kwenye ufunguo wa RSA unaolinda mawasiliano ya intaneti.

Mwanafunzi wako bila shaka atauliza kama kuna tasa ya sita mbele zaidi. Mwambie ukweli kwamba tumetafuta na hatujaipata. Inayofuata baada ya yetu, 2^64 + 1, nayo si tasa: ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Iliyofuata hapo, 2^128 + 1, ilivunjwa mwaka 1970 na Michael Morrison na John Brillhart, wakiwa na kompyuta na mbinu mpya. Kuanzia ya 4,294,967,297 na kuendelea, namba 28 mfululizo za Fermat zimeshajulikana kuwa si tasa. Mbili kati yake, zile ambazo kipeo chake ni 2^20 na 2^24, zimehukumiwa kwa kipimo cha Pépin tu. Hakuna aliyewahi kuona kigawo chake hata kimoja. Baada ya hizo 28 inakuja ile yenye kipeo cha 2^33, ambayo ingeandikwa yote ingekuwa na tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Hiyo hakuna anayejua kama ni tasa. Tunajua tu kwamba kigawo chake chochote tasa kitakuwa kigawe cha 2^35 ukiongeza 1, na hiyo darasa lako linaweza kuieleza kwa nini, wakishaona mzunguko wa 17 ubaoni na kukumbuka lile punguzo la Lucas.